Njia tatu za upinzani Australia: ufuate ya Guy, ya Crisafulli au ya Malinauskas?

Chama chako kimeshindwa uchaguzi. Pengine kiti chako umekiokoa, pengine nacho kimekwenda na maji. Serikali ina bajeti, ina misafara na ina miradi ya kuzindua. Wewe una haki ya kuuliza maswali bungeni na ofisi yenye watu wachache. Uchaguzi mwingine uko miaka minne mbele. Miaka hiyo utaitumiaje?

Kwa swali hili sijapata darasa lililo wazi kama majimbo ya Australia. Huko kiongozi wa upinzani wa jimbo ni cheo rasmi chenye mshahara na watumishi. Ana mawaziri vivuli wake, kama tulivyozoea kuiona Kambi Rasmi ya Upinzani kule Dodoma. Karibu majimbo yote siku ya uchaguzi hujulikana miaka kabla, na kupiga kura ni lazima kisheria, kwa hiyo hakuna anayeweza kusingizia kwamba wafuasi wake walibaki nyumbani. Mwishowe jibu hutoka usiku mmoja: ama unakuwa waziri kiongozi wa jimbo, ama wenzako wanaanza kuhesabiana kura za kukuondoa.

Nimechukua watu watatu wa kizazi kimoja. Matthew Guy wa Victoria alizaliwa 1974, David Crisafulli wa Queensland 1979, Peter Malinauskas wa Australia Kusini 1980. Guy ni wa chama cha Liberal, cha mrengo wa kulia. Crisafulli ni wa LNP, chama kilichoundwa Queensland mwaka 2008 kwa kuwaunganisha Liberal na National. Malinauskas ni wa Labor, chama cha mrengo wa kushoto. Guy aliongoza upinzani mara mbili na kushindwa mara mbili. Wawili waliobaki walifika ikulu za majimbo yao katika jaribio la kwanza. Lakini usimtupe Guy mapema, maana mengi aliyoyafanya yeye ndiyo haya haya waliyoyafanya wenzake, na hapo ndipo ulinganisho unapokuwa na faida.

Nikisema "jimbo" hapa nina maana ya Victoria, Queensland na kadhalika. Sehemu anakochaguliwa mbunge nitaiita eneobunge, kama wasemavyo Wakenya.

Mlango wa kuingilia

Guy aliingia kupitia ofisi za chama. Alikuwa mtumishi wa viongozi wa Liberal kabla ya kuwa mwanasiasa mwenyewe, akaingia baraza la juu la bunge la Victoria mwaka 2006, na chama kiliposhika serikali 2010 akapewa wizara ya mipango miji. Ni wizara nzito Melbourne, mji mkuu wa Victoria, jiji lililokuwa likiota maghorofa kila kona. Sahihi yake ilibadilisha thamani ya ardhi usiku mmoja. Serikali hiyo ilidumu muhula mmoja tu. Novemba 2014 ilianguka, Guy akahamia bunge la chini kupitia Bulleen, na siku chache baadaye akawa kiongozi wa upinzani.

Malinauskas alitokea chama cha wafanyakazi wa madukani, watu wanaopanga bidhaa kwenye rafu na kusimama kutwa kwenye kaunta za supamaketi. Alikuwa katibu wa tawi la jimbo tangu 2008, hajafika miaka 30. Mwaka 2011 yeye na waziri Jack Snelling ndio waliokwenda kumwambia waziri kiongozi Mike Rann kwamba muda wake umekwisha. Hebu fikiria: kijana asiye hata mbunge anamwambia mkuu wa jimbo aachie ngazi, na mkuu anaachia. Desemba 2015 aliteuliwa kujaza nafasi iliyokuwa wazi baraza la juu, akapitia uwaziri wa polisi na baadaye afya. Machi 2018 Labor ikaondoka madarakani baada ya miaka 16. Uchaguzi huohuo ulimwingiza bunge la chini kupitia Croydon, na wiki tatu baadaye akakabidhiwa uongozi wa upinzani bila mpinzani.

Crisafulli ni mtoto wa Ingham, mji wa mashamba ya miwa kaskazini mwa Queensland, katika familia yenye asili ya Italia. Alikuwa mwandishi wa habari, kisha diwani wa Townsville mwaka 2004, kisha naibu meya. Ubunge aliupata 2012, mwaka ambao LNP ya Campbell Newman ilizoa viti 78 kati ya 89, na moja kwa moja akawa waziri wa serikali za mitaa.

Kama unaanza leo na una nafasi ya kuchagua mlango, ningekuelekeza kwenye ule wa Crisafulli. Mtu wa ofisi ya chama hujifunza kuwashawishi watu wa chama. Kiongozi wa wafanyakazi hujifunza kujadiliana, na hiyo ni elimu kubwa. Diwani hujifunza kusimamishwa sokoni na mama mwenye hasira kuhusu mtaro ulioziba, na hana waziri wa kumsukumia lawama. Ugumu wake ni kwamba unachukua miaka.

Kiti kinapopotea

Hapa ndipo maisha ya Crisafulli yanapokuwa na uzito kuliko ya wale wawili. Januari 2015 wimbi lililomleta likarudi baharini na yeye. LNP ilipoteza serikali, Newman mwenyewe akapoteza kiti chake, na Crisafulli akaangushwa Mundingburra, eneobunge lake la Townsville. Kutoka uwaziri hadi kutokuwa na kitu, kwa miaka mitatu kasoro.

Hakubaki Townsville kusubiri huruma. Alihama na familia hadi Gold Coast, zaidi ya kilomita elfu moja kusini, akagombea kura za maoni za chama katika eneobunge la Broadwater dhidi ya Verity Barton, mbunge wa chama chake mwenyewe aliyekuwa bado ameshika kiti. Alimshinda, na 2017 akarudi bungeni. Kuna waliosema ni usaliti, na ninawaelewa. Kumng'oa mwenzako ili upate pa kukaa si jambo jepesi kulitazama usoni. Lakini Broadwater kilikuwa tayari kiti cha chama, na mtu anayetaka kuongoza upinzani hawezi kutumia nusu ya kampeni akipigania kiti chake binafsi.

Linganisha na John Pesutto wa Victoria, aliyekuwa waziri kivuli wa Guy. Usiku wa uchaguzi wa Novemba 2018 alikuwa amekaa studio za televisheni ya taifa kama mchambuzi, na nchi nzima ikamtazama akipokea habari kwamba eneobunge lake la Hawthorn, lililozoeleka kama ngome ya Liberal, linamponyoka. Alikaa pale, akajibu maswali, hakuondoka. Pesutto hakuhama. Alirudi Hawthorn ileile 2022 na kushinda kwa tofauti ndogo, na chini ya wiki mbili baadaye akawa kiongozi wa upinzani. Kwa hiyo kurudi palepale kunawezekana. Ila alibaki kiongozi mwenye kiti kinachotikisika, na hilo humpunguzia mtu sauti ndani ya chama.

Ahadi moja, majiji mawili

Jambo lililonifanya niandike ulinganisho huu ni hili. Mwaka 2022, Malinauskas na Guy waliingia katika uchaguzi, mmoja Machi na mwingine Novemba, wakiwa na hoja karibu moja: serikali inatumia fedha kwenye mradi wa fahari, sisi tutazipeleka hospitalini. Mmoja alipata viti 27 kati ya 47 na kuiangusha serikali ya muhula mmoja. Mwingine, pamoja na washirika wake wa National, alipata viti 28 kati ya 88, kimoja tu zaidi ya mwaka 2018.

Adelaide, mji mkuu wa Australia Kusini, mradi ulikuwa ukumbi wa michezo na burudani kando ya mto, uliotajiwa gharama ya dola za Australia milioni 662. Wakati huohuo magari ya wagonjwa yalikuwa yakipanga foleni nje ya hospitali, wagonjwa wakiwa ndani, kwa sababu vitanda vya dharura vimejaa. Wahudumu wa magari hayo walikuwa wakilalamika hadharani kwa miezi mingi. Malinauskas alikuwa amewahi kuwa waziri wa afya, kwa hiyo aliijua hesabu ya vitanda. Akaushika ukumbi ule kwa mkono mmoja na foleni ile kwa mkono mwingine, akavionyesha pamoja kila siku. Mpiga kura hakuhitaji maelezo. Ukumbi ulikuwa bado haujajengwa, haukuwa na mtu anayeusubiri, na foleni ilikuwa na baba wa mtu ndani yake.

Melbourne, mradi ulikuwa reli ya kuzunguka vitongoji, ambayo sehemu yake ya kwanza tu, kutoka Cheltenham hadi Box Hill, ilikadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 30. Guy akaahidi kuiweka kando na kuzielekeza fedha hospitalini. Akaongeza ahadi ya nauli ya dola 2 kwa siku nzima kwenye treni, tramu na basi. Kwa karatasi, hoja ilikuwa nzito kuliko ya Adelaide: fedha nyingi zaidi, na jiji lililokuwa limechoka baada ya kufungiwa kwa siku 262 kwa jumla wakati wa korona.

Basi kwa nini haikufika? Kwanza, reli ina watu wanaoisubiri. Ukiifuta, kuna vitongoji vinavyohisi vimenyang'anywa. Pili, serikali ya Labor ya waziri kiongozi Daniel Andrews ilikuwa na kazi inayoonekana kwa macho: ilikuwa imeondoa makumi ya makutano ya reli na barabara ambako madereva walisimama kila asubuhi kungoja geti lifunguke. Mtu ambaye safari yake imefupishwa humwamini aliyeifupisha, hata akimkasirikia kwa mengine.

Tatu, na kwangu ndiyo kubwa, Guy alikuwa amebeba mzigo wa jina. Mwaka 2017 magazeti yalikuwa yameandika kuhusu chakula cha jioni alichohudhuria kwenye mgahawa wa kambakochi, mezani akiwapo mtu aliyetuhumiwa na polisi kuwa na uhusiano na mafia, tuhuma ambazo mtu huyo alizikana. Agosti 2022, miezi mitatu kabla ya kura, mkuu wa ofisi ya Guy alijiuzulu baada ya kufichuka pendekezo la kumwomba tajiri mmoja mfadhili ailipe biashara yake binafsi zaidi ya dola 100,000. Guy hakutiwa hatiani kwa lolote kati ya haya. Lakini hoja ya "wao wanafuja fedha zako" inataka msemaji ambaye msikilizaji hana swali juu yake.

Haki ni haki: Malinauskas naye aliahidi kukomesha foleni zile, na baada ya kuingia madarakani saa za magari kusubiri zilipanda kuliko zilivyokuwa. Anayechukua njia yake ajue kwamba ahadi inayokuingiza ndiyo itakayohesabiwa kila mwezi mbele yako.

Kampeni ya uhalifu

Guy mwaka 2018 na Crisafulli mwaka 2024 walifanya uhalifu kuwa ajenda kuu. Mmoja alianguka vibaya, mwingine alishinda.

Melbourne ya 2018 ilikuwa na jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Maneno "magenge ya Waafrika" yalikuwa magazetini na vinywani mwa wanasiasa. Januari mwaka huo waziri wa shirikisho Peter Dutton alisema watu wa Victoria wanaogopa kwenda mikahawani. Vijana wenye asili ya Sudan Kusini wakawa sura ya uhalifu wa jiji zima, na Mwafrika mwingine yeyote kwenye treni akatazamwa kwa jicho hilo. Chama cha Guy kiliingia kwenye kampeni kikibeba hofu hiyo na ahadi ya vifungo vya lazima. Labor ikapata viti 55, upinzani ukashuka kutoka 38 hadi 27, na hata Hawthorn ikaenda. Nasema bila kuzunguka: nilifurahi kampeni ile iliposhindwa. Familia zilizokimbia vita na kuomba hifadhi hazistahili kufanywa bango la uchaguzi.

Crisafulli hakutaja kabila la mtu. Alizungumza juu ya waathiriwa: mwenye nyumba aliyeamka usiku na kukuta mlango umevunjwa na gari halipo. Alikwenda Townsville, Cairns na miji mingine ambako wizi wa magari ulikuwa gumzo la kila siku, akarudi, akaenda tena, miaka minne. Kaulimbiu yake ilikuwa fupi: anayetenda kosa la mtu mzima apate adhabu ya mtu mzima. Katika mdahalo aliahidi kujiuzulu iwapo idadi ya waathiriwa haitapungua. Oktoba 2024 LNP ilipata viti 52 kati ya 93. Viti vyote vitatu vya jiji la Townsville viliiendea, pamoja na Mundingburra ileile iliyomwangusha.

Kama mbinu, ilikuwa kazi safi. Kama sera, inanitia uchungu. Queensland mtoto wa miaka 10 anaweza kushtakiwa, na sheria iliyopitishwa Desemba 2024 inawaweka watoto kwenye adhabu za watu wazima kwa makosa kadhaa, yakiwamo mauaji. Serikali yenyewe ilikiri kwamba sheria hiyo haiendani na Sheria ya Haki za Binadamu ya jimbo. Wengi wa watoto walio mahabusu huko ni wa jamii za wenyeji wa asili. Kwa hiyo ukimchagua Crisafulli kama kielelezo, jifunze jinsi alivyosikiliza, alivyorudia na alivyosubiri. Hoja yenyewe itafute mahali pengine.

Tena alikuwa na bahati ambayo Guy hakuwa nayo. Labor ya Queensland ilikuwa imetawala miaka karibu kumi na ilibadilisha waziri kiongozi Desemba 2023, chini ya mwaka mmoja kabla ya kura. Guy mwaka 2018 alikabili serikali ya muhula wa kwanza, ingali na nguvu. Hata hivyo bahati ya Crisafulli ilitaka kupotea wiki za mwisho, alipoulizwa mara kwa mara kuhusu sheria ya utoaji mimba na akawa anazunguka swali. Pengo likapungua. Ukipanga kusema machache, hakikisha lile moja usilolisema si ndilo watu wanalolala wakiliwaza.

Chama chenye subira

Tangu Desemba 2018 hadi Novemba 2025, Liberal ya Victoria imeongozwa na Michael O'Brien, kisha Guy tena kuanzia Septemba 2021, kisha Pesutto, kisha Brad Battin, kisha Jess Wilson. Viongozi watano kwa miaka saba. Pesutto alimshinda Battin kwa kura moja, 17 kwa 16. Baadaye akaingia kwenye ugomvi na mbunge wake, Moira Deeming, akamfukuza kundini mwaka 2023. Deeming akamshtaki kwa kumchafulia jina, na Desemba 2024 mahakama ikamwamuru Pesutto amlipe dola 300,000. Kabla mwezi haujaisha, Battin alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Battin naye hakumaliza mwaka.

Guy aliporudi 2021 alikuta miezi kumi na minne tu kabla ya uchaguzi, na chama kile kile chenye makundi yale yale. Crisafulli alipewa uongozi Novemba 2020, siku kumi na mbili tu baada ya kushindwa kwa Deb Frecklington, kiongozi aliyemtangulia, na akaachwa nao hadi mwisho. Malinauskas aliachiwa miaka minne kamili, na upande wa pili serikali ndiyo iliyokuwa ikimeguka: Oktoba 2021 kiti cha spika kilichukuliwa na mbunge aliyekuwa amejitoa chama tawala.

Mfano mkali kuliko wote ni wa Zak Kirkup wa Australia Magharibi. Alikabidhiwa Liberal mwishoni mwa Novemba 2020, akiwa na miaka 33, uchaguzi ukiwa Machi 2021 na Labor ikipendwa kupita kiasi. Wiki mbili na kitu kabla ya kura alikiri hadharani kwamba hawezi kushinda. Labor ilipata viti 53 kati ya 59, Liberal viwili, na Kirkup akapoteza hata chake.

Uchague ipi?

Kama chama chako ndiyo kwanza kimetoka serikalini na wewe ulikuwa waziri, fuata Malinauskas. Chukua wizara uliyoijua, tafuta pale inapomuumiza mtu wa kawaida, ubaki hapo. Wakati wa korona aliziunga mkono kwa sehemu kubwa hatua za kiafya za serikali, na hilo halikumpunguzia kura. Lilimpa sifa ya mtu anayeaminika siku aliposema "hapa mmekosea".

Kama umepoteza kiti, fuata Crisafulli kwa upande wa kuanza upya, na umtazame Pesutto kabla ya kuamua kuhama. Ningehama tu kama eneo la zamani limegeuka kabisa. Watu wa Hawthorn walimkumbuka Pesutto alivyopokea kushindwa kwake, na kumbukumbu ya aina hiyo huwezi kuihamisha na mizigo.

Kama unaitwa kurudi kwenye uongozi ulioupoteza, msome Guy kwa makini. Alikuwa mwenye bidii, alijua wizara yake, alikuwa na ahadi ambayo kwingine ilishinda. Kabla hujasema ndiyo, kaa na watu wako mjibu mambo mawili: nini kimebadilika ndani ya chama tangu walipokuondoa, na mpiga kura akilisikia jina lako atakumbuka nini kwanza. Guy alirudi Septemba 2021 wakati majibu yote mawili yalikuwa bado ni ya mwaka 2018.